Kete ya Nje: Jinsi ya Kutabiri Atomu Itafanya Nini

Usiku, zima taa ya jikoni, washa jiko la gesi kwa moto mdogo, kisha chukua chumvi kidogo kwa ncha za vidole na uinyunyize pembeni ya moto. Ule moto wa buluu utageuka njano papo hapo, njano iliyokolea kama ya taa za zamani za barabarani, halafu utarudi kuwa buluu. Rudia mara kumi, utaona njano ileile mara kumi. Nyunyiza magadi badala ya chumvi, utaiona tena. Chumvi na magadi havifanani kwa ladha wala kwa kazi, lakini vyote viwili vina sodiamu, na njano hiyo ni sahihi ya sodiamu.

Joto la moto limezivunja chembe za chumvi, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, baadhi ya atomu za sodiamu zimezipata tena elektroni zilizokuwa zimezipoteza. Joto limeipandisha elektroni ya nje kabisa ya kila atomu hadi ngazi ya juu, nayo ilipoporomoka kurudi mahali pake ikatoa mwanga. Sodiamu ina elektroni kumi na moja. Kumi hazikujishughulisha na jambo hili hata kidogo. Moja tu, ile ya nje, ndiyo uliyoiona ikiwaka.

Nilifundisha kemia kwa miaka kadhaa, na nilichokiona ni kwamba wanafunzi hukariri. Sodiamu humenyuka vikali, agoni haimenyuki, dhahabu haishiki kutu: orodha ndefu inamezwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika wiki inayofuata. Orodha hiyo yote hutoka katika maswali matatu. Mawili ya kwanza yamo katika kila kitabu cha shule. La tatu hurukwa mara nyingi, na kwangu mimi ndilo lenye utamu.

Panga kete

Chukua kete za bao, au punje za maharage kama bao huna. Chora mchangani maduara manne, moja ndani ya jingine, na katikati weka jiwe. Jiwe ni kiini cha atomu, chenye protoni za chaji chanya. Kete ni elektroni, zenye chaji hasi. Idadi ya kete iwe sawa na idadi ya protoni, ambayo ndiyo namba ya elementi kwenye lile jedwali linalobandikwa ukutani mwa maabara za shule.

Duara la kwanza lina nafasi ya kete mbili tu. La pili, nane. La tatu hupokea nane kwanza, kisha zinazofuata huanza duara la nne. Usiweke kete nje kabla ndani hakujajaa.

Anza na sodiamu, namba 11: mbili, nane, moja. Klorini, namba 17: mbili, nane, saba. Magnesiamu, namba 12: mbili, nane, mbili. Kaboni, namba 6: mbili, nne. Neoni, namba 10: mbili, nane, basi. Sasa funika maduara ya ndani kwa kiganja na uangalie la nje peke yake, kwa sababu swali la kwanza ni hili: ziko ngapi nje?

Lithiamu, sodiamu na potasiamu zina kete moja moja nje. Zote tatu ni metali laini unazoweza kuzikata kwa kisu, na zote huhifadhiwa ndani ya mafuta ili hewa na maji visizifikie. Florini na klorini zina saba saba, yaani kila moja imepungukiwa na kete moja tu duara lijae, na zote mbili ni gesi zenye sumu kali. Heli, neoni na agoni duara lao la nje limejaa, na hizi ndizo gesi zisizojali mtu. Heli ndiyo gesi ambayo mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuigundua kwa wingi katika bonde la Ziwa Rukwa. Imekaa ardhini miaka na miaka bila kuungana na mwamba wowote, kwa kuwa haina kete ya kutoa wala nafasi ya kupokea.

Dmitri Mendeleev, Mrusi aliyelipanga jedwali la elementi mwaka 1869, hakuwa na habari ya elektroni. Alizipanga elementi kwa uzito na kwa tabia, zinazofanana akaziweka pamoja. Elektroni yenyewe iligunduliwa na J. J. Thomson kule Cambridge mwaka 1897, miaka 28 baadaye. Kwa hiyo Mendeleev alikuwa akipanga kete za nje bila kuziona.

Jambo moja nilikiri mapema: mchoro wa mchangani unasema uongo kidogo. Elektroni hazizunguki kwenye mistari kama magari ya mashindano. Zimetanda kuzunguka kiini kama ukungu, mzito hapa, mwepesi pale. Na hesabu ya nane nane inakutosha hadi elementi ya 20 tu. Ukifika kwenye chuma, shaba na zinki, duara la tatu linaanza kupokea kete nyingine hadi kumi na nane, na mambo yanachanganyika. Tutazishika metali hizo kwa njia nyingine huko mbele.

Pima mshiko

Kete moja nje haitoshi kukupa jibu. Lithiamu na potasiamu zote zina moja, lakini ukitupia maji kipande cha lithiamu kitachemka taratibu kikielea, ilhali potasiamu itawaka moto wa zambarau papo hapo. Swali la pili: kiini kimezishika kete za nje kwa nguvu gani?

Fikiria watu wanaoota moto usiku wa baridi. Aliye safu ya mbele anaungua magoti. Aliye safu ya nne yuko mbali, na tena waliokaa mbele yake wanamkinga. Kete ya nje ya lithiamu iko safu ya pili. Ya sodiamu, ya tatu. Ya potasiamu, ya nne. Kadiri inavyokaa nyuma ndivyo kiini kinavyoishika kwa ulegevu. Ndiyo maana, katika safu wima moja ya jedwali, wepesi wa kutoa elektroni huongezeka ukishuka chini.

Ukienda kulia badala ya chini, mambo hugeuka. Sodiamu na klorini zote zina maduara matatu, umbali haujatofautiana sana, lakini kiini cha klorini kina protoni 17 dhidi ya 11 za sodiamu. Moto umeongezwa kuni, safu ni ileile. Klorini hushika kete zake kwa nguvu, na nafasi yake tupu huvuta za wengine.

Mshiko huu umepimwa. Kung'oa elektroni moja moja kutoka kwenye atomu zote zilizomo katika gramu 23 za mvuke wa sodiamu kunahitaji kilojuli 496. Kwa lugha ya jikoni, nishati hiyo ingechemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba. Potasiamu, kwa idadi hiyohiyo ya atomu, ni 419. Klorini ni 1251. Heli ni 2372, na hakuna anayeizidi.

Sasa jaribu kung'oa elektroni ya pili kutoka kwa sodiamu. Ile ya kwanza ilikuwa peke yake safu ya tatu. Ya pili unaitoa safu ya pili, karibu zaidi na moto. Gharama inaruka hadi kilojuli 4562. Lita moja na nusu imekuwa ndoo. Ukikutana na mruko wa namna hii kwenye jedwali la namba, jua umefika mwisho wa kete za nje, hata kama hukuwa na mchoro.

Nani analipa?

Hapa ndipo vitabu vingi huniudhi. Husema sodiamu "inapenda" kutoa elektroni, na klorini "inataka" kuipokea, mtoto akaelewa kwamba atomu mbili zimeposana. Sodiamu haipendi. Tumeona sasa hivi kwamba lazima ilipwe 496 ndipo iachie. Klorini ikipokea hurudisha 349. Pungufu ni 147, na hapo hatujahesabu gharama ya kuigeuza sodiamu ngumu kuwa mvuke, wala ya kuzitenganisha atomu za klorini ambazo hutembea mbili mbili. Ukijumlisha zote, deni linafika kilojuli 375. Kwa hesabu hiyo, chumvi isingekuwepo duniani.

Ila ipo, kwa sababu kuna mlipaji wa tatu. Sodiamu iliyopoteza elektroni imebaki na chaji chanya, klorini iliyopata imekuwa na chaji hasi, na chaji hizo huvutana. Mabilioni kwa mabilioni ya atomu hizo zenye chaji, yaani ioni, zikijipanga kwenye punje ya chumvi, chanya kando ya hasi pande zote, mvutano wao hutoa kilojuli 787. Deni linalipwa na faida ya zaidi ya 400 inabaki, nayo hutoka kama joto na mwanga. Swali la tatu, basi, ni hili: elektroni ikihama, ni nani anayelipa, na je, hesabu nzima inafungwa na faida?

Litumie swali hilo na utaona linajibu mambo ambayo wengi hukariri. Kwa nini sodiamu hutoa elektroni moja na si mbili? Kwa sababu ya pili inagharimu 4562 na hakuna jirani mwenye uwezo wa kulipa. Kwa nini magnesiamu hutoa mbili? Ya kwanza ni 738, ya pili 1451, jumla 2189. Ni nyingi, lakini ioni yenye chaji mbili huvutana na majirani kwa nguvu zaidi, na malipo yanatosha. Ya tatu ni 7733. Biashara inaishia hapo.

Swali hilo linaeleza pia kwa nini jina moja linaweza kuwa sumu na kitoweo. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya klorini na wingu lake likaelekea kwenye mahandaki ya adui. Gesi ile ilikuwa klorini yenye nafasi tupu, ikinyang'anya elektroni kwenye mapafu ya watu. Klorini iliyomo kwenye mchuzi wako imeshapata elektroni yake. Hesabu yake imefungwa, inaitwa kloridi, na haina ugomvi na mtu.

Vivyo hivyo florini na floridi. Gesi ya florini ni mnyang'anyi mkubwa kuliko elementi zote. Floridi iliyomo kwenye maji imeshatulia, na kwa kiasi kidogo husaidia meno. Ikizidi huleta madhara, kama wanavyojua wenyeji wa sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro ambako maji ya volkano yamewapaka watu meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kuna kosa la kuepuka: kuchemsha maji hakuiondoi. Ioni iliyokwisha kufunga hesabu haitishwi na joto la jikoni, na maji yakipungua sufuriani floridi inabaki nyingi zaidi katika yaliyosalia. Kinachofanya kazi ni kuipatia floridi jirani anayeivutia zaidi kuliko maji, na jirani huyo ni madini ya mfupa. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia machujio ya mkaa wa mifupa.

Wasiotoa wala kupokea

Kaboni ina kete nne nje. Kutoa nne ni ghali mno, kupokea nne ni mzigo kwa kiini chenye protoni sita tu. Njia iliyobaki ni shirika: atomu mbili zinaweka kete moja moja katikati, na jozi hiyo inahesabiwa pande zote mbili. Gilbert Lewis, Mmarekani, alilieleza wazo hilo mwaka 1916. Sukari, mafuta ya kupikia, mbao, nailoni na nyama yako mwenyewe vimeshikana kwa jozi za namna hiyo.

Sitakaa sana kwenye shirika, ila kwa jambo moja linaloua watu. Mkaa ukiungua kwenye hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni huungana na oksijeni mbili na kuwa kaboni dioksidi. Hewa ikiwa haba, hupata oksijeni moja, ikawa kaboni monoksidi. Katika gesi hii, upande wa kaboni kuna jozi ya elektroni iliyochomoza, haina mshirika. Ikiingia mapafuni inakutana na chuma kilichomo kwenye damu, kile kinachobeba oksijeni, na kwa jozi hiyo hukishika kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyokishika. Haina harufu wala rangi. Kwa hiyo jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama moto unaonekana umezimika na hata kama mkaa "umeshakuwa mwekundu, hauna moshi tena". Moshi siyo hatari tunayoizungumzia hapa.

Na jingine la nyumbani. Dawa ya kung'arishia nguo, hii tunayoiita jiki, ina klorini ambayo imeshirikiana na oksijeni ikatoka na hasara ya elektroni. Inazitafuta. Rangi ya kitenge ni molekuli yenye elektroni za kuchukuliwa. Zikichukuliwa, rangi inatoweka. Ukichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, unaiachia klorini yenyewe, gesi ileile ya Ypres, ndani ya bafu lisilo na dirisha. Tumia moja, mwaga maji mengi, siku nyingine utumie ya pili.

Foleni ya metali

Nilisema kete za mchangani hazikufikishi kwenye chuma na shaba. Kwa metali, njia ya mafundi ni rahisi zaidi: zipange kwenye foleni kwa wepesi wa kuachia elektroni zikiwa kwenye maji. Mbele kabisa wapo potasiamu, sodiamu na kalsiamu. Wanafuata magnesiamu, alumini, zinki, chuma, stani na risasi. Nyuma yao shaba, kisha fedha, na mwisho dhahabu, bahili kuliko wote. Kanuni ni moja: metali mbili zikigusana penye unyevu, aliye mbele kwenye foleni ndiye anayetoa, na aliye nyuma analindwa.

Ione kwa macho. Nunua mrututu kidogo kwenye duka la pembejeo, ule unga wa buluu ambao wakulima hupulizia ukungu wa mimea. Weka nusu kijiko kwenye glasi ya maji usiyokusudia kuinywea tena, maana ni sumu. Chukua msumari wa kawaida, usiwe wa bati, usugue kwa msasa hadi ung'ae, utumbukize. Dakika chache tu, msumari unavaa koti jekundu la shaba. Uache hadi kesho na buluu ya maji itafifia. Mrututu ni shaba iliyopoteza elektroni mbili mbili. Chuma yuko mbele yake kwenye foleni, kwa hiyo anampa zake: shaba anarudi kuwa metali, chuma anayeyuka na kuingia majini. Ukimaliza, usimwage karibu na mfereji au bwawa la samaki.

Mkulima anayechanganyia mrututu kwenye ndoo ya chuma anafanya jaribio hilihili bila kukusudia. Dawa inapakwa ndani ya ndoo badala ya kwenda kwenye mibuni, na ndoo inatoboka. Tumia ndoo ya plastiki.

Tupande sasa juu ya paa. Kutu ni chuma kinachotoa elektroni, na oksijeni pamoja na maji vinazipokea. Mahali pa kutoa na mahali pa kupokea si lazima pawe pamoja. Elektroni hupita ndani ya chuma chenyewe, na maji yaliyolowa juu yake hukamilisha mzunguko. Maji yenye chumvi hupitisha ioni kwa urahisi, ndiyo maana paa la Pangani au Lamu huliwa mapema kuliko la Dodoma.

Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kukitumbukiza chuma kwenye zinki iliyoyeyuka. Mabati yetu ni mjukuu wa wazo hilo. Watu hudhani zinki ni rangi tu, kifuniko. Ikikwaruzika kazi imeisha. Sivyo. Zinki yuko mbele ya chuma kwenye foleni, kwa hiyo hata bati likikwaruzwa, zinki ya pembeni huendelea kutoa elektroni kwa niaba ya chuma kilichofichuliwa. Inakufa badala yake. Mabaharia wanaijua kafara hii: meli nyingi za chuma hufungwa vipande vya zinki chini ya maji, vikiliwa vinabadilishwa.

Waingereza walilijaribu kwa shaba pia. Miaka ya 1820 mwanakemia Humphry Davy aliombwa azuie shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita isiliwe na bahari. Akafunga vipande vya zinki na chuma, na shaba ikaacha kuliwa, kama foleni inavyosema. Lakini sasa meli zikaota magugu na chaza hadi zikawa nzito, kwa sababu ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa viumbe hao. Hesabu yake ya elektroni ilikuwa sahihi kabisa. Alichosahau ni kwamba uharibifu ule ulikuwa na kazi.

Kwa paa lako, foleni inakupa maagizo. Tumia misumari iliyopakwa zinki, ile yenye kofia. Usifunge waya wa shaba ukagusa bati, na usiache maji yatokayo kwenye bomba la shaba yadondokee bati, kwani shaba yuko nyuma na atamfanya zinki atoe upesi. Majivu ya jikoni na saruji mbichi visikae juu yake vikiwa vimelowa. Uchungu kama wa magadi uliomo ndani ya majivu na saruji huila zinki bila kungoja chuma.

Hapo utaniuliza kuhusu sufuria. Alumini yuko mbele hata ya zinki, mbona sufuria ya bibi ina miaka thelathini? Kwa sababu imeshatoa. Mara tu alumini inapoguswa na hewa hujenga juu yake utando mwembamba wa oksidi, mgumu, usiopitisha maji wala hewa, nao ukikwaruzwa hujirudishia. Foleni inakwambia nani yuko tayari kutoa; haikwambii kama mlango uko wazi. Magadi huufungua mlango huo: ukiyatia kwa wingi kwenye maharage ndani ya sufuria ya alumini, utaona sufuria imebadilika rangi ndani. Kwa maharage ya magadi, chungu cha udongo ni bora.

Nimalizie na neno linalopotosha. Bati la paa halina bati. Bati halisi, ile metali niliyoiita stani kwenye foleni, iko kwenye makopo mengi ya nyanya na maziwa: chuma kilichopakwa stani. Rudi uitazame foleni. Stani yuko nyuma ya chuma.

Tafuta kopo la namna hiyo na kipande cha bati la paa. Kwaruza kila kimoja kwa ncha ya msumari hadi uone chuma, mkwaruzo wa urefu wa kidole. Viweke kwenye vyombo viwili vya plastiki, mimina maji yenye kijiko cha chumvi, acha mikwaruzo ikiwa imezama nusu. Kabla hujaenda zako, andika kwenye karatasi ni kipi kitashika kutu nyekundu kwenye mkwaruzo, na kipi kitaota unga mweupe pembeni huku mkwaruzo wenyewe ukibaki safi. Karatasi ibandike ukutani, na usiviguse vyombo hadi wiki iishe.